Stashahada ya biashara ya Marekani: Mzazi apige hesabu kabla ya kuuza shamba

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, mawakala wa vyuo vya ng'ambo huanza msimu wao wa mavuno. Katika mtihani wa mwaka 2024, watahiniwa 246,391 kati ya 962,512 ndio waliopata gredi ya C+ na zaidi, ambayo humwezesha mwanafunzi kujiunga na chuo kikuu humu nchini kwa masomo ya shahada. Waliosalia, zaidi ya 700,000, pamoja na wazazi wao, ndio wasikilizaji wakuu wa hubiri la mawakala hao.

Jirani yangu mmoja, mstaafu mwenye ekari moja na nusu ya shamba na binti aliyepata C, alinijia jioni moja akiwa na karatasi mkononi. "Mhariri, hebu nisomee hii kwa jicho lako," aliniambia. Karatasi ilimwahidi binti yake "shahada ya biashara ya miaka miwili" katika chuo kimoja cha jimbo la California.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusahihisha maneno ya watu wengine, na neno la kwanza nililolipigia mstari ni "shahada." Wamarekani huiita cheti hicho digrii, ndiyo, lakini ni digrii ya nusu safari. Hupatikana kwa takriban krediti 60, ilhali shahada ya kwanza huhitaji takriban 120. Hutolewa hasa na vyuo vya kijamii, mfumo ulioanzia Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901. Katika mfumo wetu wa Kenya wa kupima sifa za masomo, diploma iko ngazi ya 6 na shahada ngazi ya 7. Mzazi atakayemtarajia mwanawe arudi na cheti cha ngazi ya 7 baada ya miaka miwili atakuwa amekosea tangu ukurasa wa kwanza. Katika makala haya nitakiita stashahada.

Sasa tuje kwenye pesa. Sifa kuu ya vyuo vya kijamii ni urahisi wa karo. Katika mwaka wa masomo wa 2024-25, wastani wa karo kwa mkazi wa eneo la chuo ulikuwa dola 4,050 kwa mwaka, huku mwenzake katika chuo kikuu cha umma cha jimbo lake akitozwa dola 11,610. Mwanafunzi anayesoma miaka miwili ya kwanza katika chuo cha kijamii, kisha akahamia chuo kikuu, huokoa zaidi ya dola 15,000. Hizo ndizo takwimu ambazo wakala huziweka mbele ya mzazi, na ni za kweli.

Asilolisema ni kwamba bei hiyo ni ya mkazi. California humtoza mkazi dola 46 kwa krediti moja. Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, hutozwa zaidi ya dola 300 kwa krediti hiyo hiyo katika vyuo vingi vya jimbo hilo. Kwa krediti 60, mkazi atalipa dola 2,760, nayo karo ya mgeni itapita dola 18,000, yaani zaidi ya Sh2.3 milioni kwa kiwango cha Sh129 kwa dola. Juu ya hayo kuna chumba, chakula, vitabu na bima ya afya. Vyuo vingi vya huko humtaka mzazi athibitishe kuwa ana zaidi ya dola 25,000 za kumkimu mwanafunzi kwa mwaka mmoja kabla ya kumpa fomu ya kuombea viza. Miaka miwili ni dola 50,000, au Sh6.45 milioni.

Je, kazi za muda haziwezi kuupunguza mzigo huo? Kidogo tu. Mwenye F-1 huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa juma masomo yanapoendelea, na mwaka wa kwanza haruhusiwi kutoka nje ya chuo kutafuta kibarua. Anayekiuka sharti hilo huhatarisha viza yenyewe.

Upande wa mapato nao una mambo yake. Kwa mujibu wa idara ya takwimu za kazi ya Marekani, mwaka 2024 mfanyakazi wa kati mwenye cheti cha shule ya upili alipata dola 930 kwa juma. Mwenye stashahada alipata dola 1,099, na mwenye shahada ya kwanza dola 1,543. Tofauti ya ngazi mbili za kwanza ni dola 169 kwa juma, karibu dola 8,800 kwa mwaka. Kwa mkazi aliyelipa karo ya dola 2,760, huo ni uwekezaji ambao wengi wetu tungeuonea wivu. Ikiwa ana kipato cha chini, huenda hata asilipe karo hiyo, kwa kuwa ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell ilifikia hadi dola 7,395 kwa mwaka wa 2024-25, nayo hutolewa pia kwa wenye Green Card.

Lakini takwimu hiyo ya dola 1,099 imechanganya fani zote, na hapa ndipo neno "biashara" linapopaswa kuulizwa maswali. Stashahada inaweza kumfanya mtu kuwa muuguzi aliyesajiliwa, na mwaka 2023 mshahara wa kati wa wauguzi hao nchini Marekani ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka, ingawa wengi wao wana shahada. Mwenye stashahada ya biashara aghalabu huangukia ukarani wa hesabu, uuzaji au usimamizi mdogo wa ofisi. Makarani wa hesabu walipata dola 47,440 mwaka huo huo. Isitoshe, idara hiyo inatabiri kwamba nafasi za makarani zitapungua katika muongo huu kwa sababu kompyuta zinaifanya kazi yao. Muuguzi na karani wametoka chuo kimoja, wamesoma miaka inayokaribiana, na wote wanahesabiwa katika wastani mmoja. Karani ndiye anayepambwa kwa manyoya ya muuguzi.

Mtetezi wa stashahada atajibu kwamba lengo si kukomea hapo bali kuhamia chuo kikuu. Ni hoja nzuri, ila utekelezaji wake ni mgumu kuliko unavyosimuliwa. Takriban thuluthi moja tu ya wanaoanza katika vyuo vya kijamii huhamia vyuo vikuu, na karibu 16 kati ya kila 100 ndio humaliza shahada ndani ya miaka sita. Baadhi ya stashahada za biashara zimeundwa kwa ajili ya kuhamia. Nyingine zimeundwa kwa ajili ya ajira ya moja kwa moja, na krediti zake nyingi hazikubaliwi na vyuo vikuu. Majina yake yanafanana mno hata mwenyeji anaweza kukosea, sembuse mzazi aliye Nyahururu.

Kisha kuna ukuta wa viza, ambao kwangu ndio mzito kuliko yote. Baada ya kuhitimu, mwenye F-1 anaweza kuomba idhini ya kufanya kazi kwa miezi 12, iitwayo OPT. Nyongeza ya miezi 24 huwahusu wenye shahada au zaidi katika sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Viza ya kazi ya H-1B nayo huhitaji kazi inayodai shahada ya kwanza au kiwango kinacholingana nayo. Hata kwa wenye shahada njia hiyo imebanwa: Septemba 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya. Kwa ufupi, binti wa jirani yangu angepata mwaka mmoja wa kurejesha dola 50,000. Tuseme apate kazi siku ya kwanza, alipwe ule mshahara wa kati wa karani na aweke akiba nusu yake, jambo ambalo ni gumu California. Angebaki na dola 23,720, chini ya nusu ya deni la shamba.

Akirudi nyumbani na kupata kazi ya Sh50,000 kwa mwezi, Sh6.45 milioni ni mshahara wake mzima wa miezi 129. Diploma ya biashara katika chuo cha umma cha kiufundi hapa Kenya, ambayo kwa kawaida huhitaji C-, iliwekewa karo ya Sh56,420 kwa mwaka kuanzia 2018, huku serikali ikilipa Sh30,000 kati ya hizo. Mfumo wa ufadhili umebadilishwa tangu wakati huo, na malalamiko hayakosi, lakini pengo kati ya maelfu na mamilioni liko pale pale.

Sisemi Marekani isiendewe. Vijana 81 waliopanda ndege mwaka 1959 kwa juhudi za Tom Mboya waliwafungulia njia wengi waliokuja kuijenga nchi hii. Ila wao walikwenda kwa ufadhili, na nchi iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru iliwangoja kwa nafasi za kazi. Hata leo, mwenye Green Card, mwenye jamaa wa kumpa malazi, au mwenye ufadhili ulioandikwa na chuo chenyewe ana hesabu tofauti kabisa, na kwake stashahada hiyo inaweza kuwa nafuu kubwa. Vilevile, mzazi mwenye uwezo wa kulipia miaka yote minne, na aliye na orodha ya vyuo vikuu vitakavyopokea krediti za mwanawe, hajapotea njia.

Nilimwandikia jirani yangu maswali matatu ya kumpelekea wakala: cheti hiki ni cha kuhamia au cha ajira, chuo kikuu gani kimekubali kwa maandishi kuzipokea krediti zake zote, na karo ya mgeni ni kiasi gani kwa krediti moja. Aliyapeleka Jumatatu. Wakala alimjibu swali la tatu pekee, kisha akamkumbusha kwamba ada ya usajili ilitakiwa kabla ya Ijumaa.