Kabla ya Kuuliza Jina, Uliza Ametoka Wapi

Siku hizi ukimkuta mtu ana kijitangi cha samaki chumbani, swali la kwanza la wageni ni lilelile: "Huyu anaitwaje?" Mwenye tangi anajibu kwamba mwenye duka alimwambia ni "wa Malawi". Basi. Simu inatolewa, picha inapigwa kupitia kioo chenye ukungu, programu inatema jina la Kilatini, na kila mtu anaridhika. Mimi siridhiki, na nadhani sisi tunaokwenda kufundisha baiolojia hatuna ruhusa ya kuridhika kirahisi hivyo.

Samaki wenyewe ni sikilidi. Neno ni geni lakini samaki si wageni hata kidogo. Sato ni sikilidi, perege ni sikilidi, kuhe wa Kigoma ni sikilidi, na furu wa Ziwa Victoria, yule mdogo ambaye watu wa Mwanza wanamjua tangu utotoni, naye ni sikilidi. Kumtambua mpaka hapo si kazi. Tazama pua: samaki wengi wana matundu mawili kila upande, sikilidi ana moja. Tazama na ule mstari wa pembeni unaopita ubavuni. Kwake kwa kawaida umekatika vipande viwili, kimoja juu kuelekea mbele, kingine chini kuelekea mkiani. Ukiona hivyo umeshafika kwenye familia. Taabu inaanza baada ya hapo.

Inaanza kwa sababu ya wingi. Ziwa Tanganyika lina spishi zaidi ya 200 za sikilidi, Nyasa zaidi ya 500, na Victoria ilikuwa na mamia yaliyotokea ndani ya muda mfupi ajabu, maana wanajiolojia wanasema ziwa hilo lilikauka na kujaa upya miaka kama 15,000 tu iliyopita. Karibu wote hao hawapatikani kwingine duniani. Sasa mtu anataka programu ya simu imchagulie mmoja kwa kuangalia rangi!

Rangi ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Kuna samaki wa Tanganyika anaitwa Tropheus duboisi. Akiwa mtoto ni mweusi mwenye madoadoa meupe, mzuri kweli. Akikua madoa yote yanapotea, kichwa kinakuwa cha bluu na anavaa mkanda mpana kiunoni. Ukimwonyesha mtu picha zote mbili atakuapia ni samaki wawili tofauti. Na dume aliyeshindwa ugomvi ndani ya tangi hufifia mpaka unamdhania jike.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa kwetu kabisa. Mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu aliong'atuka, watafiti wawili, Witte-Maas na Witte, walichapisha maelezo ya furu mmoja wa kwenye mawe, kusini mwa Ziwa Victoria, wakampa jina nyererei. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, Pundamilia, Kiswahili hichohicho, kwa ajili ya milia yake ya wima. Dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Ana ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la bluu-kijivu na kwa kawaida hukaa kwenye kina kifupi zaidi. Madume huwezi kuyachanganya. Majike je? Yote yamepauka, yanafanana, na hata aliyebobea hupata shida akiletewa jike peke yake bila maelezo.

Samaki wenyewe wanajuanaje? Kwa macho. Majaribio ya miaka ya 1990 ya Ole Seehausen na wenzake yalionyesha kwamba chini ya mwanga mweupe jike humfuata dume wa aina yake, lakini mwanga ukibanwa tofauti ya rangi isionekane, uchaguzi huo unavurugika. Ndiyo maana ziwa likichafuka na maji yakawa mazito, spishi zilizokuwa mbili zinaanza kuzaana na kuwa kitu kimoja. Chotara wao wanazaa vizuri tu. Sasa fikiria tangi la chumbani: taa ya rangi ya zambarau kwa ajili ya urembo, dume wa kisiwa hiki, jike wa kusikojulikana, hakuna pa kukimbilia. Watoto watakaozaliwa humo hawana jina, na hakuna kitabu kitakachokupa.

Kuna mwenzangu aliniambia, "Sasa jina lina kazi gani? Samaki ni mzuri, anakula, inatosha." Kwa anayefuga kwa kupumzisha macho, sawa, simsumbui. Ila mtu huyohuyo wiki ijayo ataandika Kilatini cha kubahatisha kwenye karatasi, ataibandika kwenye tangi la maonyesho, na wanafunzi watanakili. Jina la kubahatisha ni baya kuliko kutokuwa na jina, kwa sababu linafunga mjadala. Halafu watauziana watoto wa samaki hao kwa jina hilo.

Na kuna jambo zito zaidi. Miaka ya 1970 kulikuwa na kiwanda Mwanza kinachosaga furu kuwa chakula cha mifugo. Sangara, ambaye aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akaja kuongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, na furu wakaporomoka. Watafiti walikadiria kwamba spishi kama 200 zilitoweka. Nyingine zilikuwa hazijapewa hata jina rasmi. Zilikuwa na majina ya muda kwenye madaftari tu. Ukifikiria hivyo, furu asiyejulikana kwenye tangi la mtu anaacha kuwa pambo.

Sisi hapa tunamaliza sekondari tukiwa tunajua midomo ya ndege wa Galapagos, ambako hatujawahi kufika na wengi hatutafika. Mageuzi ya viumbe tunayasoma kwa mfano wa bahari ya mbali wakati mfano mkubwa kuliko huo unauzwa kwa fungu sokoni, au unaogelea kwenye tangi la jirani. Sisemi Darwin aondolewe, jamani. Nasema mwalimu wa Musoma au Kigoma au Kyela anaweza kuanza na ndoo ya maji.

Kwa hiyo mwenye tangi, afanye nini? Kwanza akamuulize mwenye duka samaki walitoka ziwa gani, na akijua, pwani gani au kisiwa gani. Hilo linapunguza orodha kutoka mamia hadi wachache. Wafugaji makini wa nje wanalijua vizuri, ndiyo maana wanauziana nyererei kwa jina la kisiwa, Makobe au Ruti. Pili, aangalie tabia. Anayetaga ndani ya kombe tupu la konokono na kuyalinda mayai humo, mtafute Tanganyika. Jike anayekaa siku nyingi bila kula, koo limevimba, amebeba mayai mdomoni. Hao wapo maziwa yote matatu, lakini furu wa Victoria wote wako hivyo. Aangalie mdomo umekaaje, wa kukwangua mwani kwenye jiwe au wa kuvizia wenzake. Picha apige ubavuni, kwa mwanga mweupe, samaki akiwa ametulia, mapezi yamefunguka. Rangi aiandike mwisho.

Na kwenye tangi abandike kadi: alinunuliwa wapi, lini, inasemekana ametoka ziwa gani, anaishi na nani. Kwenye nafasi ya jina anaweza kuandika "furu, jike" akaishia hapo. Mwaka ukiisha na mtu anahama hosteli, samaki wapewe mwenzake au warudishwe dukani pamoja na kadi yao. Wasimwagwe ziwani wala kwenye bwawa la chuo, hata kama mwenyewe ana uhakika kabisa wametoka humohumo.