Prosesa Isubiri, Madabodi Kwanza

Mwaka 2017 aliyetaka kuunda kompyuta ya mezani alikuwa na prosesa mbili za kumvutia. Januari, Intel iliingiza sokoni Core i7-7700K yenye viini vinne, kwa dola 339. Aprili, AMD ikaleta Ryzen 5 1600 yenye viini sita, kwa dola 219. Katika michezo ya kompyuta ile ya Intel ilikuwa na kasi zaidi, na wachambuzi walisema hivyo waziwazi. Mnunuzi aliyepima prosesa peke yake alikuwa na sababu nzuri ya kulipa zaidi.

Miaka minane baadaye hesabu iligeuka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa zote mbili. Mwenye Ryzen, ikiwa kampuni iliyotengeneza madabodi yake imetoa BIOS mpya, anaweza kuichomoa prosesa ya zamani na kupachika ya mfululizo wa Ryzen 5000 palepale. RAM haibadiliki, wala diski, wala pawasaplai. Mwenye 7700K hana pa kupanda. Soketi yake ilifungiwa mlango mwaka uleule wa 2017, na akitaka prosesa inayokubaliwa ni lazima anunue na madabodi nyingine.

Kinachowatenganisha wawili hawa si prosesa, ni ubao uliopo chini yake. Ndiyo maana anayejiandaa kubadilisha prosesa anapaswa kuanza na madabodi, tena aichague kwa kuuliza itapokea prosesa mpaka lini. Wengi hufanya kinyume. Hukesha wakilinganisha prosesa, kisha dukani huchukua madabodi yoyote iliyobaki ndani ya bajeti.

Soketi ya AMD ya AM4 ni ushahidi wa uzito wa jambo hili. Ryzen za kwanza ziliingia humo Machi 2017. Aprili 2022 ikatoka Ryzen 7 5800X3D, yenye viini vinane na kashe ya L3 ya megabaiti 96, ikiwa mojawapo ya prosesa bora za michezo wakati huo, na ikapachikwa kwenye soketi ileile. Madabodi ya 2017 iliyokuwa imebeba prosesa ya bei ya kati ilipata nguvu ambazo hakuna aliyezitaja siku iliponunuliwa.

Lakini hata AM4 haikufika huko bila kusukumwa. Mei 2020 AMD ilitangaza kwamba madabodi za B450 na X470 hazingepokea prosesa za kizazi kilichokuwa kinakuja, ikitaja udogo wa chipu ya kuhifadhia BIOS. Wateja walipinga kwa sauti kubwa, na kabla mwezi huo haujaisha kampuni ilibadili uamuzi. Mwaka 2022 hata madabodi za zamani zaidi za B350 na X370 zikaruhusiwa. Kizuizi kilichoelezwa kuwa cha kiufundi kiliondoka baada ya wanunuzi kukataa kukikubali.

Intel ilikwenda njia nyingine. Oktoba 2017 ilitoa prosesa za kizazi cha 8 kwa soketi iliyoitwa LGA1151, jina lilelile la soketi iliyotangulia, na zikaingia vizuri tu kwenye madabodi za zamani. Hazikuwaka. Intel ilisema prosesa za viini sita zilihitaji mpangilio mpya wa umeme. Baadaye wapenzi wa kompyuta waliifanyia BIOS marekebisho yao wenyewe, wakaweza kuwasha baadhi ya prosesa hizo kwenye madabodi zilizokataliwa. Funzo kwa mnunuzi ni kwamba prosesa kuingia kwenye soketi hakuthibitishi chochote. Kinachothibitisha ni orodha ya prosesa zinazokubaliwa, ambayo kila mtengenezaji huiweka kwenye ukurasa wa madabodi husika, pamoja na toleo la BIOS linalohitajika kwa kila moja.

Sasa tutazame soko la leo. AM5 ya AMD ilianza Septemba 2022, inatumia DDR5 pekee, na mwaka 2024 kampuni ilisema itaendelea kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Tayari imepokea Ryzen za mfululizo wa 7000, 8000 na 9000. LGA1700 ya Intel, iliyoanza mwishoni mwa 2021, ilipokea vizazi vya 12, 13 na 14, kisha Oktoba 2024 ikampisha mrithi wake, LGA1851. Anayeanza upya na anatarajia kubadilisha prosesa tena baada ya miaka mitatu au minne ana kila sababu ya kuiangalia AM5 kwanza.

Hilo halimaanishi kila mtu akimbilie huko. Kuhamia AM5 ni kununua prosesa, madabodi na RAM kwa pamoja, na bei za RAM zilipanda kwa kasi mwishoni mwa 2025 kwa sababu vituo vya akili unde vilikuwa vikimeza chipu nyingi za kumbukumbu. Mwenye madabodi ya AM4 anapata nafuu kubwa kwa prosesa moja tu. Na yule mwenye 7700K na RAM nzuri ya DDR4 anaweza kuichukua RAM hiyo hadi kwenye madabodi ya LGA1700 iliyotengenezwa kwa DDR4, kwa kuwa zipo za aina zote mbili. Asome boksi vizuri tu, maana nafasi ya DDR5 haipokei DDR4.

Baada ya soketi, umeme. Ryzen 5 9600X imewekewa kikomo cha wati 88 kwa kawaida yake, na Ryzen 9 9950X huweza kufika wati 230 kwenye soketi hiyohiyo. Madabodi za bei ya chini zenye chipuseti ya A620 zililengwa hasa kwa prosesa zinazotangazwa kuwa za wati 65. Kwa karani au mwanafunzi hiyo inatosha kabisa. Kwa mhariri wa video anayepanga kupanda hadi viini 16, ni heri alipe zaidi leo apate vidhibiti umeme imara vyenye vipoozeo vya chuma.

Kuhusu chipuseti, fedha nyingi hupotea kwa jina. X870E, iliyotoka 2024, imejengwa kwa chipu mbili za aina ileile iliyotumika katika X670E ya 2022. Kilichoongezwa kwa lazima ni USB4. Asiyekuwa na kifaa cha USB4 halazimiki kulipia upya wa jina, kwani madabodi ya B650 au B850 yenye umeme mzuri itambebea prosesa zilezile.

Kitufe kimoja kidogo kinastahili pesa yake: kile cha nyuma kinachosasisha BIOS kwa flashi hata kama prosesa haijapachikwa. Madabodi iliyokaa rafu tangu 2022 haiitambui Ryzen 9000 mpaka BIOS yake isasishwe. Kwetu kina faida ya pili. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji, madabodi inaweza kufa papo hapo, na mara nyingi kitufe hicho ndicho huifufua. Hata hivyo, kazi hiyo ifanywe kompyuta ikiwa kwenye UPS.

Kompyuta za mtumba kutoka ofisi za Ulaya zina mitego yake. Dell OptiPlex na HP EliteDesk nyingi zina madabodi na plagi za umeme zisizofuata vipimo vya kawaida, hivyo kubadilisha madabodi pekee mara nyingi haiwezekani. Baadhi ya kompyuta za Lenovo zenye Ryzen Pro huifunga prosesa kwa madabodi za kampuni hiyo, na prosesa hiyo ikihamishiwa kwingine haiwaki. Anayenunua prosesa iliyotumika aione ikiwaka kwanza.

Wapo wanaosema haya yote ni makuu, kwa sababu watu wengi huitumia kompyuta bila kubadilisha prosesa hata mara moja. Pengine ni kweli kwa mwenye uwezo wa kununua mpya kila akitaka. Duka la stesheneri, maabara ya shule na studio ya mtaani haziko hivyo. Huko kompyuta hununuliwa kwa kujinyima, hutengenezwa, huongezewa RAM, na hutarajiwa kufanya kazi miaka kumi. Ni kwa wateja hao uhai wa soketi una thamani kubwa kuliko asilimia chache za kasi.

Kwa hiyo watengenezaji waseme muda huo wazi, kwenye boksi. Simu zimeshatangulia: Google mwaka 2023 kwa Pixel 8, na Samsung mwaka 2024 kwa Galaxy S24, ziliahidi miaka saba ya masasisho. Madabodi, inayobeba kila kitu ndani ya kompyuta, inauzwa bila ahadi ya namna hiyo. Boksi lioneshe vizazi vya prosesa vitakavyopokelewa na mwaka ambao BIOS mpya zitakoma kutolewa. Mpaka hilo lifanyike, mnunuzi amwombe muuzaji afungue orodha ya prosesa za madabodi ile kwenye simu, palepale kaunta, na waisome pamoja kabla ya risiti kuandikwa.