Mzazi Si Mwombaji Langoni mwa Shule

Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, chama kimoja kilipoteza ukiritimba wa kusema kwa niaba ya kila Mkenya. Ukiritimba wa namna hiyo, hata hivyo, haukuondoka kila mahali. Katika shule nyingi za mitaa yetu ungali umeketi ofisini. Wazazi huitwa mkutanoni waambiwe kiasi cha kulipa, wapige makofi, waende zao. Anayethubutu kuuliza huitwa mchochezi, jina walilopachikwa wapigania mageuzi wa enzi hiyo.

Wazazi wa Riruta, tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1974 Mzee Kenyatta alifuta karo katika madarasa manne ya kwanza. Muda si muda, pesa za ujenzi zikachukua nafasi ya karo. Serikali ya Moi ilizifuta, lakini mwaka 1988 sera ya kugawana gharama ikamrudishia mzazi mzigo. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikafungua tena milango ya shule za msingi. Kinachotolewa kwa kauli ya mkubwa huweza kuondolewa kwa kauli ya mkubwa.

Tangu 2010 hatutegemei tena kauli. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Haki za kiuchumi na kijamii za Ibara ya 43, serikali imeruhusiwa kuzitimiza hatua kwa hatua. Haki ya mtoto katika Ibara ya 53 haikuwekewa sharti hilo. Waliotunga walielewa kwamba miaka ya utoto haingoji hazina ijae.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imefafanua zaidi. Shule ya umma haiwezi kumtoza mzazi karo ya masomo. Ada nyingine zaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri, baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Lakini hata zikiidhinishwa, mtoto hawezi kuzuiwa kuhudhuria shule kwa sababu hazijalipwa. Wala hakuna mtu anayeruhusiwa kukusanya pesa hizo bila kutoa risiti rasmi. Kwa hiyo mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa pesa za mtihani hakukosea yeye, wala mzazi wake. Sheria imevunjwa na aliyemrudisha.

Mbona basi tunanyamaza? Kwa sababu tunaogopa. Mzazi hufikiri kwamba akimwudhi mwalimu, mwanawe ndiye atakayelipa darasani. Hofu hiyo si ya kuchekwa, ina misingi. Dawa yake si ushujaa wa mtu mmoja. Kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya umma ni mwanachama wa Chama cha Wazazi kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo. Barua ya chama haina jina la mtoto wa mtu.

Barua hiyo iulize mambo matatu: ada hii iliidhinishwa na nani, waraka wa idhini uko wapi, na pesa za mwaka jana zilitumiwaje. Nakala igongwe mhuri wa kupokewa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 kujibu. Pasipo jibu, shauri lipelekwe kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti na kwa Ombudsman. Mlango wa mahakama nao u wazi: Ibara ya 22 inasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za Katiba. Lakini twaamini mengi yatatatuliwa kabla ya kufika huko, pindi barua ya kwanza itakapokuwa na wazazi arobaini nyuma yake.

Wenye watoto katika shule za binafsi za mabati wasidhani kwamba haya hayawahusu. Septemba 23, 2019, katika mtaa jirani wa Ng'ando, jengo la madarasa la Precious Talent lilianguka asubuhi na kuwaua watoto wasiopungua saba. Baada ya msiba kila mtu aliuliza kuhusu ukaguzi na usajili. Maswali hayo ni ya siku ya kumwandikisha mtoto, wala mzazi hahitaji kuwa fundi wala wakili kuyauliza.

Hatuwatangazii walimu vita. Mwalimu mkuu anayesubiri mgao wa serikali unaochelewa, huku chaki zimekwisha, amebanwa pande mbili. Lakini akimtupia mzazi mzigo huo kimyakimya, aliyechelewesha mgao hulala usingizi. Wazazi na walimu wakiyaweka mahesabu mezani, swali litapanda ngazi hadi lifike wizarani, kunakostahili.

Muhula ujao, kabla ya kuuliza ni kiasi gani, tuulize kwa idhini ya nani. Tuulize kwa adabu, kwa maandishi, na kwa pamoja.