Mastaa, Acheni Kugawa Dozi Insta

Baridi la Juni likiingia, Babati nzima inapiga chafya. Pale Singe, bodaboda anayewahi abiria wa alfajiri ndiye wa kwanza kukauka koo. Anafungua simu, anakutana na staa mwenye mafolowa kibao, kajifunika blanketi, mkononi kashika vidonge vya aina tatu: "Nimemeza hivi, kesho nipo fiti."

Kesho yake kijana yupo duka la dawa anataka "zile za yule dada". Hataki maswali, na muuzaji naye anataka hela.

Sasa tatizo liko hapa. Aina ya kwanza ni antibayotiki. Mafua yanaletwa na virusi, antibayotiki inaua bakteria. Kumeza vidonge viwili na kuacha ni kuwazoesha bakteria, ili siku mtu akiugua nimonia kweli, dawa igome.

Zilizobaki ni dawa ya mafua na Panadol. Wengi hawajui kwamba dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamo ndani, na Panadol nayo ni parasetamo hiyohiyo. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ikizidi, ini linaumia, tena kimyakimya.

Na wale wa nyungu? Tangu korona ya 2020, kujifukiza kumekuwa fasheni. Mvuke unaleta nafuu kidogo puani, sawa, ila hauui kirusi, na sufuria la moto likimwagika ndani ya shuka ni balaa. Chai ya tangawizi, limau na asali ni poa kabisa, ila mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali.

Ukweli wenyewe hauleti laiki: maji ya kutosha, kupumzika, parasetamo kwa kipimo, na mafua mengi yanaisha yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Homa ikipanda, mtu akapime, huenda ni malaria. Akipumua kwa shida, hospitali haraka.

Staa akizidiwa ana gari la kumkimbiza hospitali. Kijana wa Singe ana pikipiki ya mkopo na familia inayosubiri hesabu ya jioni. Basi asome nyuma ya pakiti kwanza. Yule dada hakumwandikia dozi, alikuwa anatafuta laiki tu.

Wadau, mnasemaje?