MAONI: Kabla ya kumwomba mjomba akuletee bastola ya hewa Lubunga

Wiki mbili zilizopita, mdogo wangu mmoja wa upande wa mama alinitumia picha tatu kwenye WhatsApp. Bastola tatu, zote nyeusi, zimelazwa juu ya kitambaa cheupe kama mikufu ya sonara. Chini yake aliandika: "Yaya, wewe ulisoma, nisaidie kuchagua. Mjomba anarudi Desemba kutoka Ufaransa, nataka aniletee moja ya kulengea vikopo hapa nyumbani. Ni za hewa tu."

Anakaa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, si mbali na stesheni ya treni ya Ubundu. Ana miaka ishirini na mitatu, anaendesha moto, na jioni hana la kufanya zaidi ya mpira kwenye simu. "Hapa nyumbani" ni lupango moja lenye nyumba mbili, mwembe mmoja, jikoni ya nje, na ua wa mianzi upande wa jirani. Ua ambao kuku wanaupita bila kuinama.

Nilimwambia nitamjibu. Jibu limekuwa refu kuliko ujumbe wa simu, na kwa kuwa nimeshasikia vijana wengine wawili wakiulizia vitu hivyo hivyo, naliweka hapa.

Tuanze na hilo neno "hewa tu". Bastola ya hewa haina baruti, ni kweli. Lakini inatupa kitonge cha madini ya risasi chenye upana wa milimita 4.5 na uzito wa kama nusu gramu, kwa mwendo wa mita 120 kwa sekunde au zaidi. Wanaopima nguvu wanatumia kipimo cha jouli: bastola ya kawaida ya aina hii inatoa jouli tatu au nne hivi. Kalibre 12 ya muwindaji inapita elfu mbili. Tofauti ni kubwa sana, sikatai. Lakini jicho la mtoto halijui hesabu hiyo. Kitonge cha jouli tatu kinatoboa jicho, kinaingia kwenye ngozi, na kinaweza kwenda zaidi ya mita mia moja kama hakuna kitu cha kukizuia. Ua wa mianzi si kitu cha kukizuia.

Huko Ulaya kwenyewe hawaziiti vitu vya watoto. Ufaransa, silaha ya hewa yenye chini ya jouli 20 inauzwa kwa mtu mzima, si kwa mtoto. Uingereza bastola ya hewa yenye kupita jouli nane hivi inahesabiwa ni silaha iliyokatazwa. Na Scotland, tangu tarehe 31 Desemba 2016, lazima uwe na leseni hata kwa zile ndogo.

Sasa, kuchagua. Kwa sababu aliniuliza kuchagua, na ni haki yake kujibiwa.

Bastola mbili kati ya zile tatu zinatumia gesi. Unaweka ndani ya mkono wa bastola kichupa cha chuma chenye gramu 12 za gesi ya kaboni, unapiga mara hamsini hivi, kisha unatupa kichupa na kuweka kingine. Zinapendeza, maana huna kazi ya kupompa, na nyingi zinatingishika mkononi kama bastola ya kweli. Ila vichupa hivyo utavipata wapi hapa Kisangani? Mimi natembea Soko Kuu kila wiki na sijaona hata kimoja. Mjomba hawezi kukujazia sanduku, kwani ndege nyingi hazipendi kabisa gesi iliyofungiwa kwenye mzigo wa abiria. Tena gesi hiyo inafuata joto: saa saba ya mchana chini ya bati letu inasukuma kwa nguvu nyingi, na ukipiga haraka haraka kichupa kinapoa na nguvu inashuka. Leo unalenga juu, kesho unalenga chini, hujui kama kosa ni la mkono au la gesi. Kwa anayeanza kujifunza, hiyo ni hasara.

Ya tatu ni ya springi. Hiyo haiombi gesi, unavunja mtutu kwa mkono na kuukunja tena. Lakini springi ikiachiliwa inaruka mbele na nyuma kabla kitonge hakijatoka, kwa hiyo bastola inakutoroka mkononi. Watu wanachukua miezi kuizoea. Na unyevu wetu huu wa mtoni unakula chuma, anayeinunua anunue na mafuta yake.

Kuna aina ya nne ambayo hakuitumia picha, na ndiyo ningemwambia achukue kama swali lingekuwa la shabaha peke yake. Ni ile ya kupompa mara moja: unafungua mkono mmoja wa chuma, unaufunga, hewa inabanwa ndani, unapiga mara moja. Haina gesi, haina springi ya kuruka, kila mpigo una nguvu sawa na ule uliotangulia. Gamo ya Hispania walitengeneza moja inayoitwa Compact, yenye mkono wa mbao. Ni ya polepole. Ukikosa, unapompa tena, na ile dakika ya kupompa inakulazimisha kufikiria ulichokosea. Na kitu kingine kuhusu zile za shabaha: nyingi ni mbaya kwa sura. Zina mkono mnene wa mbao, mtutu mwembamba mrefu, hazifanani na chochote kilicho kiunoni mwa askari.

Ubaya huo wa sura, kwangu mimi, ndio jambo la kwanza la kutafuta. Tarehe 22 Novemba 2014, kule Cleveland nchini Marekani, mtoto wa miaka 12 anayeitwa Tamir Rice alikuwa anacheza kwenye bustani ya umma na bastola ya vidonge vya plastiki. Mtu aliyepiga simu polisi alisema hata kwamba huenda ni ya bandia. Gari la polisi likafika, na ndani ya sekunde mbili hivi mtoto akapigwa risasi. Alikufa kesho yake. Ile bastola yake haikuweza kumuua mtu. Ilikuwa inafanana tu.

Nilimuuliza mdogo wangu kwa nini amechagua zile zinazofanana na bastola ya polisi. Akacheka kwa sauti kwenye simu. Nikamuuliza tena. Ndipo akasema: "Yaya, hata wezi wakiona wataogopa."

Kumbe. Basi hatukuwa tunazungumza juu ya vikopo.

Sitamcheka, maana najua anatoka wapi. Tangu Februari 2023 Lubunga imeishi mzozo wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola, ulioanzia kwenye mashamba yaliyopewa kampuni. Nyumba zimechomwa, watu wameuawa kwa panga, kwa mishale na kwa kalibre 12, maelfu wamevuka mto kuja kulala upande huu. Walioumizana walikuwa wanachota maji kwenye kisima kimoja. Kijana aliyepitia hayo, akiniambia anataka kitu cha kumfanya alale vizuri, siwezi kumwambia kwamba woga wake ni wa uongo.

Lakini kitu anachotaka kununua hakitamlinda hata dakika moja. Mwizi wa kweli akija usiku na panga, kitonge cha nusu gramu hakitamsimamisha, kitamkasirisha. Akija na kalibre 12, akaona mkononi mwako umbo la bastola, hatakuuliza kama ni ya hewa. Askari wa doria naye hatakuuliza. Ndiyo maana nasema bastola ya kufanana ni mbaya mara mbili: haina nguvu ya silaha, na ina hatari zote za silaha. Unaibeba wewe, risasi ya kweli inatoka kwa mwingine.

Na jirani je? Kisangani siyo mji ambao mtu anasikia mlio na kusema labda ni fataki. Mtu yeyote aliyepita miaka thelathini hapa anakumbuka Juni 2000, siku sita ambazo jeshi la Rwanda na la Uganda walipigana katikati yetu na mamia ya raia wakafa. Hata leo watu wanapanga foleni kudai fidia ya pesa ambazo Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliiamuru Uganda kulipa, dola milioni 325, katika hukumu ya tarehe 9 Februari 2022. Bastola ya hewa hailii sana, ni kama mtu kupiga makofi mara moja. Ila kofi moja, kikopo kinaanguka, kofi lingine, na mama wa upande wa pili wa ua anachungulia na kumwona kijana wa kabila fulani ameshika bastola na kunyoosha mkono. Kufika jioni, habari itakuwa imeshavuka mto: "kwa fulani wanafanya mazoezi." Katika Lubunga ya sasa, neno kama hilo peke yake linatosha kuchoma nyumba.

Najua nitaambiwa ninakataza vijana kila kitu. Kuna msomaji mmoja atanikumbusha yule Mturuki, Yusuf Dikeç, aliyepata medali ya fedha Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 51, mkono mmoja mfukoni, miwani yake ya kila siku machoni. Hiyo ilikuwa bastola ya hewa, ndiyo. Nami niliitazama video ile mara kumi. Mchezo wenyewe ni mzuri: unasimama mita 10 kutoka kwenye karatasi, na duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5, karibu sawa na kifungo cha shati. Unatafuta kutulia, kupumua, kubonyeza bila kutikisika. Kijana anayejifunza hivyo hapati ugomvi mwingi. Lakini Dikeç anapigia ndani ya ukumbi, nyuma ya karatasi kuna ukuta wa kusimamisha vitonge, kuna mtu wa kusema anza na acha, na hakuna anayepita mbele. Lubunga hatuna ukumbi huo. Kama tungekuwa nao, ningekuwa wa kwanza kumsindikiza.

Kuna pia sheria, ambayo watu wanaikumbuka wakishakamatwa. Silaha nchini mwetu zinaongozwa na ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na msingi wake ni kwamba mtu hawi na silaha bila ruhusa. Mjomba akishuka Bangoka na kitu chenye umbo la bastola ndani ya sanduku, mazungumzo yatakayofuata hayatakuwa juu ya jouli. Yeye ndiye atakayekuwa anayatolea jasho, siyo mpwa wake aliyetuma picha. Mjomba ana miaka sitini na ana presha.

Kwa hiyo nilimjibu hivi. Hizo tatu, hapana, hata moja. Siyo mwaka huu, siyo kwenye lupango lile. Siku Lubunga itakapotulia, na ruhusa ikiwa imeulizwa kabla ya kununua na siyo baada, basi ile ya kupompa mara moja, yenye mkono wa mbao, na vitonge vya risasi peke yake. Vile vidonge vya chuma vya mviringo asiviguse, vinadunda kwenye kitu kigumu na kurudi usoni kwa mpigaji. Apigie ndani ya chumba chenye ukuta wa tofali za kuchoma, mlango umefungwa, siyo nje chini ya mwembe. Nyuma ya karatasi aweke sanduku lililojaa nguo kuukuu zilizobanwa. Miwani machoni kwa kila aliye ndani ya chumba. Anawe mikono kabla ya kushika fufu, maana risasi ni sumu, na vitonge asiviache mahali mtoto anaweza kuvitia mdomoni. Na kabla ya yote, aende kwa chefu wa nyumba kumi na kwa jirani wa upande ule wa mianzi, awaonyeshe kitu chenyewe mchana, wakishike mikononi mwao. Kama anaona haya kukionyesha kwa jirani, basi ameshajijibu mwenyewe.

Kuhusu wezi, nilimwambia mlango wake una kitasa kibovu tangu mwaka jana na mimi nililala pale nikaona. Kufuli nzuri na taa ya sola nje ni bei ndogo kuliko bastola.

Alikaa siku mbili bila kujibu. Kwa vijana wetu siku mbili za kimya kwenye WhatsApp ni hasira. Siku ya tatu akatuma picha nyingine, na niliifungua kwa woga kidogo. Ilikuwa ubao wa mviringo wa kurushia vishale kwa mkono, ule wanaotundika ukutani kwenye baa. "Na hii je, yaya? Mjomba anasema haina shida uwanjani, ila vishale aviweke kwenye sanduku la chini."

Nikamwambia autundike kwenye ukuta wa nyumba, mbali na njia ya jikoni. Jirani wa upande wa mianzi ameshauliza lini wataanza kucheza.