Mambo ya Shamba: Jivu Si Dawa ya Kila Udongo

Nyumba nyingi hapa Makoongwe humwaga jivu la jikoni shambani, wakidhani lafaa kila udongo. Sivyo.

Sisi wenyewe tulikosa. Tulipanda miche ya mikarafuu mahali penye mawe ya matumbawe. Majani machanga yakageuka manjano, mishipa yake ikabaki kijani. Tukatia jivu, umanjano ukazidi. Tukatia tena, miche ikafa. Nao mkarafuu hukaa miaka 6 au zaidi kabla ya kuchumwa. Basi hatukupoteza miche tu, tulipoteza na miaka ya watoto wetu.

Sababu yake ni hii. Matumbawe ni chokaa, na katika udongo wenye chokaa nyingi madini ya chuma hayayeyuki, hata mizizi haiwezi kuyanywa. Jivu nalo lina tabia ya chokaa. Tulimwongezea mgonjwa ugonjwa wake! Lakini katika vilima vya Pemba, mahali mvua za masika zimeosha ardhi tangu zamani, udongo huwa na tindikali, yaani ukali kama wa ndimu, na huko jivu kidogo huponya.

Wazee wa Unguja na Pemba waliujua udongo kwa majina: mchanga, kinongo, kinamo, maweni. Majina hayo hutuonyesha sura yake, wala hayatuambii kiasi cha ukali wake. Basi yafaa kuupima kwa njia hizi.

Kwanza, chimba shimo la mikono miwili. Ukigonga jiwe upesi, mkarafuu hautapata nafasi ya mizizi. Kisha lijaze maji. Yakisimama hata kesho, mizizi itaoza. Afadhali mahali hapo pawe pa mpunga.

Pili, tia udongo katika chupa ya kioo mpaka theluthi, ujaze maji, utikise, uiache siku moja. Mchanga hutua kwanza, kisha tope laini, mwisho ufinyanzi. Mchanga ukizidi sana, maji na mbolea vitapita upesi. Dawa yake ni samadi na majani yaliyooza.

Tatu, dondoshea siki juu ya udongo mkavu. Ukitoa povu, una chokaa. Usitie jivu kabisa. Usipotoa povu, usikate shauri bado, maana siki haionyeshi tindikali.

Nne, pima pH. Kipimo hiki huanza 0 hata 14, na 7 ni katikati. Kila hatua ni mara 10: udongo wa 5 una ukali mara 10 kuliko wa 6. Mazao mengi hupenda kati ya 6 na 7. Kwa kipimo kamili, chota udongo mahali 10 au zaidi katika shamba, kina cha shubiri moja, mbali na jalala. Changanya, anika kivulini, kisha peleka kidogo kwa wataalamu wa udongo, kama wale wa Mlingano, Tanga.

Walimu, kazi ya chupa na siki yawafaa sana watoto: kila mmoja na alete udongo wa kwao, nanyi mtaona jinsi mashamba ya jirani yanavyotofautiana.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za kufanya samadi.