Kama tulitoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo?

Hili swali limerudi tena kwenye mdahalo wetu wa Jumamosi, na safari hii limeleta maneno. Kijana mmoja aliuliza: kama binadamu alitoka kwa nyani, mbona wale wa msituni hawajageuka watu mpaka leo? Wengi wakapiga makofi. Wengine wakatoka nje, wakasema hawawezi kukaa kusikiliza mambo ya kumkana Mungu. Na huko nje watoto waliokuwa wanacheza mpira wakalidaka lile neno, mpaka jioni walikuwa wanaitana makako. Hapo njo tukaona sisi wa kikundi lazima tuandike.

Tuanze na swali lenyewe, juu ni swali zuri hata kama linaulizwa kwa kucheka. Sayansi haisemi mtu alizaliwa na huyu nyani tunayemjua, anayeiba mahindi shambani. Inasema sisi na sokwe tuna babu mmoja aliyeishi zamani sana, kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na yeye hakuwa mtu wala hakuwa sokwe wa leo. Ukoo wa gorila ulikuwa umeshajitenga mapema zaidi. Sasa fikiria mtoto wa shangazi yako aliyebaki Masisi, na wewe uko huku Rubavu. Hakuna mtu anakuuliza: kama mlitoka kwa babu mmoja, mbona binamu yako bado yupo? Yupo, ana njia yake. Sokwe naye hakusimama akatungoja. Amebadilika kwa upande wake, msituni, kwa miaka ileile ambayo sisi tulibadilika kwa upande wetu.

Na ushahidi hautoki mbali. Mary Leakey alipata fuvu la Zinj pale Olduvai, Tanzania, mwaka 1959. Mifupa ya yule wanayemwita Lucy ilipatikana Ethiopia mwaka 1974, ina zaidi ya miaka milioni 3. Hayo mko nayo kwenye vitabu. Kitu ambacho vitabu vyetu vinapita haraka, na ambacho kinatugusa sisi tuliotoka Kivu ya Kaskazini, ni Ishango.

Ishango iko pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba pale akakuta mfupa mdogo wenye alama zilizokatwa kwa mpangilio, katika safu tatu. Una miaka kama 20,000. Wataalamu bado wanabishana: wengine wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi. Sisi tunachukua hili tu: kuna mtu alikaa kando ya lile ziwa, akawa na kitu cha kuhesabu, na akatafuta njia ya kukiandika. Leo huo mfupa uko Brussels, kwa hiyo ukitaka kuuona jitayarishe kuomba viza.

Chini kidogo kwenye huo mto kuna Katanda. Pale zilipatikana ncha za mikuki ya kuvulia samaki, zimechongwa kwa mfupa na zina meno ya kunasa, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Makadirio ni miaka kama 90,000. Wakati huo Ulaya hakuna aliyekuwa anatengeneza kitu kama hicho. Tunasema hivi si kwa kujivuna. Tunasema juu sisi tumezoea kusikia jina la kwetu likitajwa kwa vita na kolera tu, na mtoto aliyezaliwa kambini anadhani kwao ni mahali watu wanatoka wakikimbia. Hajaambiwa kwamba ni mahali watu walikaa wakafikiri.

Turudi kwa wale waliotoka nje. Hatuwachekei. Wazee wetu wana sababu ya kuogopa hili somo, na sababu moja ina jina: Ota Benga. Alikuwa kijana wa Kongo, wa jamii za watu wa msituni. Mmarekani mmoja alimpeleka Marekani mwaka 1904 kwenye maonyesho ya St. Louis. Septemba 1906 wakamweka kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, katika nyumba ya nyani, ndani ya kizimba pamoja na orangutani, na maelfu ya watu wakaja kumuangalia. Waliomtetea ni wachungaji weusi wa Kibatisti. Walikasirika juu ya ubaguzi, na walikasirika pia juu waliona anatumiwa kuonyesha kwamba mtu mweusi ndiye ngazi ya katikati kati ya nyani na mzungu. Alitolewa, lakini hakurudi nyumbani tena. Alijiua mwaka 1916. Wenye ile bustani waliomba msamaha mwaka 2020.

Kwa hiyo pasta akisikia "nyani" akasimama, tunaelewa. Lakini tuangalie vizuri nani alidanganya pale. Hakuna ngazi. Mzungu, Mwafrika na Mchina wote wako umbali uleule na sokwe, juu wote ni tawi moja. Waliomweka Ota Benga kizimbani walichukua jina la sayansi wakafunika ubaguzi wao. Na kwa wenzetu Wakatoliki, Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 alisema wazi kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, na hakuacha kuwa Papa. Mwenye imani anaweza kusoma hii sura. Dada mmoja wa kikundi chetu anajiandaa kwa mtihani wa taifa na aliiruka yote kwa kuogopa dhambi. Hizo ni alama anazipoteza bure, na sisi wa kambini hatuna alama za kutupa.

Kuna jambo lingine linasemwaka sana hapa, kwamba ingagi anaheshimiwa kuliko mkimbizi. Tulisikia tena wiki hii. Ni kweli kwamba mtalii analipa dola 1,500 kumuangalia gorila kwa saa moja upande wa Rwanda. Ni kweli pia anavuka kutoka Mikeno kuja Karisimbi bila mtu kumuomba kitambulisho. Mwaka 2007 walipouawa gorila wa familia ya Rugendo kule Virunga, picha zilizunguka dunia nzima, na mwaka huohuo wazazi wetu walikuwa wanalala kwenye mahema na mashuleni, nani aliwapiga picha? Uchungu huo ni wa haki. Ila gorila hakutufukuza nyumbani. Na walinzi zaidi ya 200 wamekufa wakilinda ile hifadhi, wengi wao watoto wa Kivu kama sisi.

Sasa hili la kuitana makako. Watu wanaosoma chembe za urithi wamegundua kwamba sokwe wa Afrika ya kati, makundi mawili yanayotengwa na mto tu, wanatofautiana kuliko watu wa mabara mawili tofauti. Yaani sisi binadamu wote, bilioni 8, tunafanana kuliko sokwe wa ng'ambo hii na ng'ambo ile. Halafu mtu anasimama kwenye foleni ya maji anasema wale wa kabila fulani si watu. Hapa Rwanda wanajua jina la mnyama linafikisha wapi: mwaka 1994 watu waliitwa inyenzi, mende, wakauawa kama mende. Mtoto akisema makako mbele yako, usicheke, na usinyamaze. Muite pembeni umuelezee.

Jumamosi saa nane tunaendelea na hii mada, na waliotoka nje wanakaribishwa wakae mbele. Mwenye kitabu cha biolojia cha S5 ama S6 aje nacho. Tulivyo navyo ni viwili, na kimoja kimechanika kuanzia hiyohiyo sura.